Baba alituusia tusitawanyike, sasa jamaa wanataka kutugawa

Mama, assalaam aleikum.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kabla sijabadili nia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 24, naishi Kisauni na wadogo zangu wanne. Anayenifuata ni mvulana wa miaka 17, yuko kidato cha 3. Kisha msichana wa miaka 14, gredi ya 8. Kisha mvulana wa miaka 11, na kitindamimba wetu, msichana wa miaka 6. Mama yetu mzazi alifariki siku chache baada ya kumzaa huyu wa mwisho. Baba amefariki mwaka huu, wiki mbili kabla ya Ramadhani.

Baba alikuwa dereva wa lori la makontena, Mombasa hadi Malaba, miaka 16 kwa tajiri mmoja. Mwezi akiwa nyumbani siku nane ni nyingi. Lakini kila usiku baada ya Isha simu ililia: "Niko Mtito", "Niko Salgaa", na kila mmoja wetu alipewa zamu ya kusema naye, hata mdogo ambaye hakujua kusema. Mwaka 2019 makontena yalipolazimishwa kupanda reli ya SGR, malori yakalala uwanjani, tajiri akayauza moja baada ya jingine, na madereva wakaambiwa waende kwao. Amri ile iliondolewa 2022, lakini malori yalikuwa yameshakwenda na baba alikuwa ameshaingia kwenye tuktuk ya mtu. Siku nyingine alirudi na 300 baada ya kumpa mwenye tuktuk chake. Kisha figo zikamshika. Tukawa watu wa kumpeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki.

Usiku wake wa mwisho alinishika mkono akasema, "Msitawanyike. Wewe ndiye mama yao." Nikamjibu, "Wallahi baba, hatutawanyiki." Alfajiri akaondoka.

Ametuachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Kama nyumba nyingi za huku, nyumba ni yetu lakini ardhi si yetu, twamlipa mwenye ardhi kodi. Sisi twakaa vyumba vitatu, vitatu tumepangisha kwa shilingi 3,500 kila kimoja. Wapangaji wawili hulipa. Wa tatu aliletwa na ami yetu, ni rafiki yake, na sasa ni mwezi wa nne hajatoa hata senti. Mimi nakanda unga usiku, alfajiri nakaanga mahamri na kuuza na mbaazi, jioni nauza viazi vya karai hapo barazani. Siku nzuri napata faida ya 500. Mvua ikinyesha, 200. Maji twanunua kwa mitungi. Deni la hospitali limebaki 86,000, na ami ndiye aliyetia sahihi kuwa atasimamia.

Baada ya hitima ya arobaini jamaa walikaa ukumbini, mimi nikaitwa mwishoni. Walikuwa wameshapanga. Shangazi yetu aliyeolewa Tanga amchukue huyu wa miaka 14, kwa kuwa amezaa mapacha na hana wa kumsaidia. Ami amchukue wa miaka 17 kwenye gereji yake Changamwe, shule aache kwa sasa. Wa miaka 11 aende chuo (madrasa) cha bweni. Mdogo achukuliwe na halati yetu wa Malindi, mdogo wake marehemu mama, ambaye ameolewa miaka mingi bila kujaliwa mtoto na hutupenda sana. Nyumba iuzwe, deni lilipwe, kinachobaki kigawanywe. Mimi, ami alisema, "bado kijana, utapata riziki yako."

Mama, nilipiga kelele. Mimi ambaye sijawahi kumpandishia mtu mzima sauti. Niliwaambia baba ameusia, mkitugawa mnamgeuza kaburini. Halati akalia. Ami akatoka bila kuaga.

Tangu siku ile hawaji. Na mimi nimeanza kuogopa kwamba nimewafungia wadogo zangu riziki kwa sababu ya kiapo changu. Wiki mbili zilizopita wa miaka 11 akawa kila jioni asema ameshakula kwa rafiki yake. Nikafurahi. Kisha mama wa huyo rafiki akaniuliza mbona kijana siku hizi haji kwao. Usiku nilimchungulia: alikuwa amekaa gizani karibu na mtungi anakunywa maji, na fungu lake alikuwa amemwachia mdogo. Sijamwambia kwamba nimejua. Sijui niseme nini.

Naomba uniambie ukweli. Nikiwaachia waende nitakuwa nimemkhini baba? Na nikiwashikilia, si ndiyo nawaua kwa njaa?

Kuna kijana pia ameleta posa. Watu wake wasema naweza kwenda na mdogo mmoja. Hilo si muhimu.

Dada Mkubwa, Kisauni

*

Mwanangu, waaleikum salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wenu wawili.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda kusali Magharibi, nikarudi nikaisoma tena.

Hutakuwa umemkhini baba yako. Nalisema hilo kwanza upate kulala. Na mpango wa ami, kama walivyoupanga pale ukumbini, usiukubali. Haya mawili hayapingani.

Hebu lirudie neno lenyewe. Baba yako hakukwambia msilale nyumba mbalimbali. Alisema msitawanyike. Uzi wa shanga ukikatika, shanga hutawanyika: hii imeingia chini ya kitanda, ile kwenye ufa, na hakuna ajuaye nyingine iko wapi. Hicho ndicho alichokiogopa. Na nani alijua tofauti hiyo kuliko yeye? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba siku nane kwa mwezi zilikuwa nyingi. Mtu huyo nusu ya maisha yake alilala kwenye kibanda cha lori, Mtito, Salgaa, foleni ya Malaba. Je, kuna siku mlijiona hamna baba? Simu ya baada ya Isha, kila mmoja na zamu yake, ndiyo iliyokuwa uzi. Aliwafunza kwa miaka 16 jinsi watu wanavyoweza kuwa mbali bila kupoteana, kisha kwa maneno mawili akawaomba msiuache uzi huo ukatike.

Basi swali la kuulizwa juu ya kila mtoto ni hili: akienda huko, uzi utabaki? Na huko aendako anakwenda kulelewa, au anakwenda kutumiwa?

Nakuuliza hivyo kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa kupelekwa. Nilizaliwa kisiwani Pate, huko Lamu. Mwaka niliotimiza miaka 9, baba alipoteza jahazi na kila alichokuwa nacho ndani yake, na mimi nikaletwa Mombasa, kwa shangazi yangu hapo Kuze. Siku ya safari watu wazima walisema juu ya kichwa changu, "Yuwenda kutembea tu, atarudi." Nami niliamini. Kanga yangu yenye nguo nilikataa kuifungua. Kila ikitajwa mashua kutoka Lamu nilikaa mlangoni na furushi langu, miezi, mpaka shangazi akalifungua mwenyewe usiku nikiwa nimelala. Shangazi alikuwa mwema, Mungu amlipe. Nilisoma, nilikula vizuri kuliko walivyokula nyumbani. Lakini kaka yangu aliyebaki Pate alikua akiamini kwamba nilichagua mjini nikawaacha na shida zao, nami nikakua nikiamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa ziada. Tulikuja kuyasema hayo tukiwa na mvi. Kilichotuumiza hakikuwa bahari iliyo kati ya Pate na Mombasa. Hakuna aliyetuambia kwa nini, wala mpaka lini.

Kwa hiyo nianze na mdogo, na halati yako. Katika barua yako yote, huyu ndiye jamaa pekee uliyemtaja kwa mapenzi. Alilia, hakutoka bila kuaga. Mtoto wa miaka 6 aliyempoteza mama kabla ya kumjua, akilelewa na mdogo wa mama yake, hajatoka nje ya damu yake. Malindi ni kilomita kama 120 kutoka hapo ulipo, safari ya saa mbili na kitu, ukiondoka baada ya alfajiri wafika kabla ya jua kuwa kali. Ningekuwa wewe ningempigia halati leo, nikamwomba radhi kwa kelele za siku ile, kisha nikamwambia: njoo tuzungumze mimi na wewe, bila baraza. Mtoto amalize muhula wake kwanza. Akienda, aende kwa mwaka mmoja, kisha mkae tena mtazame. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Disemba arudi kwenu, nauli iwe imeshajulikana inatoka kwa nani. Simu baada ya Isha, kila siku, si ukipenda. Na mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kwa lugha ya miaka 6: unakwenda kwa halati kwa sababu nyumbani chakula kimepungua, hukukosea kitu, utarudi shule ikifungwa. Mwonyeshe kwenye kalenda. Mpe achore siku kwa kalamu.

Hayo mkiyakubaliana, yaandikeni. Najua kwetu kuandikiana na jamaa huonekana kama kutoaminiana. Lakini halati akitaka kumwandikisha shule, au mtoto akilazwa hospitali, ataulizwa yeye ni nani. Nendeni wote wawili kwa chifu, na kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi wa jamaa, na mkitaka uwe na nguvu kamili, mahakama inaweza kumteua mlezi rasmi. Ninyi hamna mzazi aliye hai. Karatasi hizo ni kinga kwa mtoto, na kwako pia, asije mwengine kesho akasema ana haki zaidi.

Tanga, hapana. Simsemi vibaya shangazi yako. Mapacha si mchezo na mwanamke yule amechoka. Lakini soma tena alivyoomba: amchukue wa miaka 14 kwa kuwa hana wa kumsaidia. Anayehitajika pale ni yaya. Yaya ni mtu mzima na hulipwa. Mdogo wako yuko gredi ya 8, mtaala wa Tanzania ni mwengine, na akishavuka Lunga Lunga na Horohoro yuko nchi nyengine, ambako afisa wa watoto wa Kisauni hana mkono. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Shangazi mwambie kwa heshima: likizo ya Disemba huenda nikaja naye wiki mbili tukusaidie sote wawili, lakini kuhama, hapana. Usijieleze zaidi ya hapo. Na hata huyu atakayekwenda Malindi, mfundishe nambari 116, ni ya bure, ni ya watoto. Halati hana ubaya wowote, lakini kila mtoto wa Kenya yafaa aijue.

Wa miaka 17 sikubaliani na yeyote aamue badala yake. Mwaka ujao ni mtu mzima kisheria. Kaa naye, mtolee daftari la hesabu zako, aone kila kitu: mahamri, mitungi ya maji, deni. Nahisi anajua zaidi ya unavyofikiri, na ninaogopa kwamba ameshaanza kufikiria kuacha shule mwenyewe ili akupunguzie mzigo. Mwambie asiache. Amebakisha muda mdogo mno. Kama shule yake ni ya kutwa, serikali ilipanga tangu 2018 kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo kinachobaki hasa ni chakula na michango mingine. Mwende naye kwa mwalimu mkuu, mseme waziwazi kwamba ni yatima wa pande mbili, muombe kulipa kidogo kidogo, na mjaze fomu za basari, ya mfuko wa eneo bunge (NG-CDF) na ya kaunti, zikiwa zinatolewa. Na gereji ya ami isitupwe. Jumamosi na likizo aende Changamwe, ajifunze kazi, alipwe cha Jumamosi. Hapo ami atakuwa amesaidia, na kijana atakuwa na shule na ufundi mkononi.

Wa miaka 11 asiende bweni. Nitamrudia.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndiko kunakokwenda mambo yote haya hata kama hakuna aliyesema hivyo.

Baba yenu ameacha watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Mama yenu alitangulia. Hukutaja nyanya wala babu wa upande wa baba, basi nachukulia kuwa hawako. Kama yuko hata mmoja, ana fungu lake na hesabu hii hubadilika. Wakiwa hawako, baada ya kulipwa madeni, mali ya marehemu hugawanywa mafungu saba: kila mvulana mawili, kila msichana moja. Anapokuwepo mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hana fungu. Ami hana chumba katika nyumba ile, hana dirisha. Nadhani analijua hilo, na kama hakulijua, Kadhi atamwambia kwa upole kuliko wewe. Hapa Kenya mirathi ya Waislamu husikizwa na Mahakama ya Kadhi, na Mombasa tunayo. Nenda ukafungue faili la mirathi, ukiwa na cheti cha kifo, barua ya chifu na vyeti vya kuzaliwa vya nyote watano. Kati ya warithi watano, wanne ni chini ya miaka 18. Asiuze mtu hata bati moja kabla ya Kadhi kusema.

Deni ni kweli lipo, na deni la maiti hutangulizwa. Na ami ametia sahihi, huenda naye halali. Nalifikiria sana hilo. Mtu akidaiwa huona nyumba ya kila mtu ni hela. Lakini deni la 86,000 halilipwi kwa kuuza nyumba ya vyumba sita inayoleta kodi kila mwezi, ambayo, kwa kuwa haina ardhi, mnunuzi ataivutia bei chini awezavyo. Mpangaji wa ami amekalia 14,000 za mayatima mpaka leo. Zile 14,000 peke yake zingepunguza deni. Na chumba kile kikipata mtu wa kulipa, ni 3,500 kila mwezi ambazo unaweza kuziweka upande wa deni bila kugusa chakula. Mtafute mzee wa mtaa au imamu wa msikiti wenu, mtu ambaye ami humheshimu, umwombe amfikishie maneno haya mawili: rafiki yako alipe au ahame mwisho wa mwezi, na twende pamoja hospitali tukaombe kulipa kwa awamu. Usiende peke yako, na usiende na hasira. Ami anajua uzito wa mali ya yatima, na huyo mzee hatahitaji kumsomea. Na kodi ya ardhi usiiache ikalimbikizwa hata mwezi mmoja. Risiti zake ziweke pamoja na karatasi za nyumba, mahali ambapo si kwa ami.

Jambo jengine ambalo hukulitaja. Baba yako aliajiriwa na tajiri mmoja miaka 16. Alikatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni? Tafuta kitambulisho chake na kadi yake, nenda Huduma Centre ukaulize. Mwanachama akifariki, wategemezi wake wana haki ya kudai michango yake. Inawezekana tajiri hakuwa akiipeleka yote. Hata hivyo ulizia, pesa hizo hazitakuja zenyewe mlangoni. Na kwa chifu huko huko, wasajilishe mayatima kwa ajili ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, usajili ukifunguliwa. Ni 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwako wewe ni unga wa mahamri wa siku kadhaa.

Unaona, mwanangu, nimejaribu kupiga hesabu zako. Mdogo akiwa Malindi kwa halati, chumba cha tatu kikilipa, kijana akileta cha Jumamosi, mnaweza kula. Hamtashiba kila siku. Lakini mtakuwa wanne chini ya paa la baba yenu, na wa tano kwenye simu baada ya Isha.

Posa. Umeiweka mwisho, ukaandika "hilo si muhimu". Hapo ndipo nilipoiweka barua chini. Miaka 24 si dhambi. Baba yako alipokuambia wewe ndiye mama yao hakukuambia usiwe na maisha; alikuwa anakufa na alitaka mtu wa kumshika mkono. Kama kijana mwenyewe wampenda, sema nami au sema na halati, usimzike pamoja na baba. Lakini hilo la "mdogo mmoja" limenikaa vibaya. Ni nani atakayechagua huyo mmoja, na wengine watatu watakuwa wamesimama wapi? Mwulize yeye, si watu wake, kama yuko tayari kuhamia kwenu. Katika mila zetu za pwani, Lamu hasa, bwana harusi kuingia nyumbani kwa bibi harusi ni jambo la kale na halina aibu. Na kama hawezi, aweza kungoja mpaka kijana wenu amalize kidato cha 4? Jibu lake litakujulisha mengi. Usiolewe ili upunguze vinywa, wala usikatae kwa kuwa wajiona huna haki.

Halafu ukutane na wadogo zako, wote wanne, siku moja baada ya Isha, wakati ule ule wa simu ya baba. Waambie uliapa nini, na kwamba uliapa kwa niaba yao bila kuwauliza. Waulize wao walisikia nini katika neno lake. Huyu wa miaka 14 huenda akakushangaza.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, kuna huyu wa miaka 11. Umeniuliza useme nini. Usimgombeze, usimsifu, na usilie mbele yake, maana atadhani amekosea akafiche vizuri zaidi. Akija jioni na kusema ameshakula, mwambie, "Najua hukula. Najua pia uliiacha kwa nani." Kisha mwekee sahani mbele yake, weka na yako, hata ikiwa ni hamri moja mmeikata mara mbili, ukae naye hapo mpaka ale.